Mwenye Safu na Mtoto wa Migongo Mitatu

Mimi si mtu wa kusifu watu. Niulize habari za mwenye nyumba wangu, au za diwani, au za baba ya mtoto wangu, nitakujibu maneno ambayo utataka watoto watoke nje kwanza. Kwa hiyo nikikwambia kuna mtu anaandika gazetini na mimi naanza kumsubiri Jumatatu kama ninavyomsubiri dada yangu akitoka safari, ujue sisemi kwa kupendeza. Nimemsoma tangu nikiwa kidato cha pili. Kuna sentensi zake nazijua kwa moyo kuliko sala. Na siku moja nilifunga mtoto mgongoni nikapanda gari mpaka Tororo kwenda kumgombeza mlangoni kwake. Bado nasema hakuna anayeandika kama yeye.

Jina lake linachapwa gazetini, lakini sokoni kwetu hakuna anayelitumia. Tunamwita Mwenye Safu. Gazeti lenyewe ni la Kiswahili, linachapwa upande wa Kenya, linatoka Alhamisi, na linavuka hadi huku Busia ya Uganda juu ya pikipiki, limefungwa pamoja na mikate. Safu yake iko ukurasa wa mwisho, juu ya matangazo ya mbuzi waliopotea, na inaitwa "Nilivyoona".

Mama huyu anaanza katikati ya jambo, kama jirani aliyeingia bila kubisha hodi. Hana "katika makala haya". Hana "ni jambo la kusikitisha sana kwamba". Mara moja aliandika hivi: "Nimekaa kwenye benchi asubuhi nzima nikitafuta mwanamume aliyebeba mtoto. Nikampata mmoja. Alikuwa anampeleka mtoto kwa mama yake, aliyekuwa amebeba kuni." Basi. Akaenda kwenye jambo lingine. Mimi nauza dagaa, wale wadogo wa ziwani Majanji tunaowaita mukene na wenzetu wa ng'ambo wanawaita omena, na kila Alhamisi kabla ya wateja kujaa nawasomea wenzangu wa meza za jirani safu ile kwa sauti. Siku ile wanaume wa mikokoteni walinuna kama waliotukanwa. Jumapili mmoja wao alionekana na mtoto begani, anatembea katikati ya barabara ili watu wamwone vizuri.

Lakini kinachonimaliza mimi ni anavyofunga. Akishasema alichosema, kwa ujasiri ule, bila kumung'unya, mwishoni anaandika kila mara: "Hivyo ndivyo nilivyoona. Wewe uliyekaa upande wa pili wa barabara, niambie ulichoona wewe." Nilipolisoma neno hilo mara ya kwanza darasani nilihisi kama mtu amesogea kwenye benchi akapigapiga kiti kwa mkono: kaa hapa. Mimi, msichana wa kidato cha pili mwenye viatu vya kukopa. Kuna waandishi wanaopiga kelele kwa sababu wanaogopa kuulizwa. Kuna wengine wanaomba radhi kabla hawajasema kitu, mpaka unachoka kuwasubiri waseme. Yeye anasema, halafu anasikiliza. Na wiki inayofuata anaanza na mtu aliyemsikiliza. "Fundi baiskeli mmoja ameniambia nilikuwa nimeegemea ukuta wa kivuli, ndiyo maana sikuona jua linavyowachoma wenzangu. Ni kweli. Nimehamia upande wa jua." Nani anaandika hivyo? Nitajie mmoja.

Nilimwona kwa macho miaka mingi baada ya kuanza kumsoma, kwenye kibanda cha chai karibu na foleni ya kuvukia mpaka. Nilikuwa nimemchora kichwani mrefu, mwenye miwani na sauti nzito. Kumbe ni mama mfupi, kandambili za kiume, mwavuli mkubwa uliofunguliwa na mvua haipo. Wiki ile alikuwa ameandika dhidi ya sukari, safu nzima, jinsi inavyotumaliza miguu na macho. Na hapo mbele yangu anatia sukari kwenye chai, kijiko juu ya kijiko, anakoroga taratibu kama mtu anayebembeleza.

Nikashindwa kunyamaza. "Mama, si ni wewe uliandika sukari ni mbaya?"

"Ni mimi," akasema. "Niliandika sukari ni mbaya. Sikuandika kwamba mimi ni mzuri."

Tangu siku hiyo tukawa watu wa kusalimiana. Alinijua kama yule msichana wa chai, basi. Hakujua nauza nini wala naishi wapi. Lakini mimi nilimkusanya kama kuku anavyookota. Najua anakaa Tororo, chini ya ule mwamba mkubwa wa mji. Najua akishaandika hapeleki gazetini moja kwa moja. Anakwenda saluni ya jirani yake anawasomea wanawake wanaosukwa. Aliniambia sababu: anayesukwa hawezi kukimbia, na hawezi kukudanganya, maana akichoshwa anashika simu. "Wakishika simu," alisema, "pale nakata." Najua anaandika juu ya wakubwa bila mkono kutetemeka, lakini kuku akimkaribia anapandisha miguu kwenye kiti. Najua anahubiri watu watembee kwa afya, na yeye kutoka kibandani hadi stendi anachukua boda. Najua anachukia umbeya, na ukianza umbeya anasogeza kiti karibu "ili nijue cha kukataza."

Kiswahili chake nacho. Wakenya wanatucheka sisi wa upande huu, wanasema Kiswahili chetu kimevunjika miguu. Kuna mwalimu wa huko aliwahi kulalamika kwa mhariri kwamba mama huyu anaandika maneno ya mpakani. Yeye akajibu kwenye safu, bila matusi: "Kiswahili changu kina vumbi kwa sababu kinatembea. Lakini maneno mawili mwalimu amenisahihisha, na amesema kweli, nimeyaosha." Nilipowasomea wenzangu hayo, Athieno alicheka mpaka karanga zikamwagika. Athieno ni rafiki yangu, mtu wa Iyolwa, upande wetu wa Uganda, meza yake imegusana na yangu, na hajui kusoma Kiswahili ila anakisikia chote. "Huyu mama," alisema, "anakupiga na anakupa kiti." Sijasikia mtu akimweleza vizuri zaidi.

Na alikuwa na sheria moja tuliyoijua sote, kwa sababu aliiandika mara nyingi: haandiki jambo mpaka awe ameliona mwenyewe na kuuliza watu watatu. Niliipenda sheria hiyo. Nilimwambia baba ya mtoto wangu aijaribu kabla ya kunishtaki kwa mama yake.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mtoto wangu anaitwa Nekesa. Wakati ule alikuwa hajatimiza mwaka, ananyonya kama aliyetumwa. Meza yangu ya asubuhi iko upande wa Kenya, nyumba yangu iko upande wa Uganda. Basi tulikuwa tunafanya hivi. Alfajiri navuka naye mwenyewe mgongoni. Jua likianza kuuma, mama mkwe wangu, ambaye ni mtu mzuri kuliko mwanawe, anakuja kumchukua, anarudi naye nyumbani alale kivulini. Adhuhuri Athieno, aliyerudi nyumbani kuchukua karanga za mchana, anavuka tena na kuniletea mtoto anyonye. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa anapitishwa mbele ya foleni, na hiyo ndiyo iliyotuwezesha. Watoto wengi pale walilelewa hivyo. Hakuna aliyeona ni jambo.

Alhamisi moja nafungua ukurasa wa mwisho. Kichwa cha habari: "Mtoto wa Migongo Mitatu". Wenzangu wamekaa tayari. Nikaanza kusoma, na niseme ukweli, ilikuwa tamu. Alikuwa amekaa kibandani tangu alfajiri, akaona mtoto mmoja anavuka na mwanamke huyu, baadaye na mwingine, baadaye na wa tatu, na wote wanapelekwa mbele ya foleni. Akaandika kwamba biashara mpya imezaliwa mpakani: kukodisha watoto. Akaandika, "Mtoto huyu amevuka mpaka mara nyingi kuliko balozi." Tulicheka. Mimi mwenyewe nilicheka, nikafuta machozi kwa kiganja chenye magamba ya samaki. Nikaendelea kusoma: "Utamjua kwa kofia yake ya njano yenye sikio moja la sungura."

Nikainama nikachungulia chini ya meza.

Athieno akasema, "Soma basi."

Sikio la pili Nekesa alikuwa amelitafuna mwenyewe. Alikuwa amelala chini ya meza, na kofia kichwani.

Kesho yake adhuhuri niliitwa mbio kwenye foleni. Athieno amewekwa pembeni, Nekesa analia mgongoni kwake mpaka sauti imekauka, na askari wa foleni, kijana wa Kenya anayesoma gazeti kama sisi, anamwuliza, "Umekodi huyu mtoi kwa nani?" Mimi niko upande wa pili wa vyuma vya mpakani, hawaniruhusu kupita, hawamruhusu yeye kuja. Blauzi yangu ililowa maziwa mbele ya watu. Walimwachia baada ya maneno mengi. Na kuanzia siku hiyo kila mwanamke mwenye mtoto aliulizwa, "Ni wako?" na akapelekwa nyuma kabisa ya foleni, kwenye jua, na mtoto wake. Mama mkwe alikataa kuja tena. Alisema hawezi kuitwa mwizi wa mjukuu wake, mtoto nimwache nyumbani alfajiri, atakaa naye huko. Nilikuwa nimebakiwa na mambo mawili: kumwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, au kuacha meza.

Hasira niliyokuwa nayo, afadhali nisiieleze. Angekuwa mwandishi mwingine ningemtukana hapohapo nikafungia samaki ukurasa wake. Lakini huyu alikuwa wangu. Ndiyo nikapanda gari.

Nilimkuta nje ya nyumba anamenya viazi vitamu, miguu juu ya kiti kwa sababu ya kuku wa jirani.

"Ee, msichana wa chai," akasema. "Karibu, mwanangu. Kaa."

"Sikai." Nikageuka nikampa mgongo. "Hii kofia unaijua?"

Nilimsikia anashusha miguu, kuku wakiwepo. Akaja karibu, akaligusa sikio moja lile kwa kidole.

"Naijua," akasema.

"Huyu nimemzaa mimi. Simkodishi. Mmoja wa wanawake uliowaona ni mimi. Mwingine bibi yake, anampeleka kulala. Wa tatu rafiki yangu, ananiletea anyonye. Wewe umekaa pale unakunywa chai, unasema tunauza watoto."

"Lakini niliuliza," akasema. Hakusema kwa kujitetea. Alisema kama mtu anayetafuta ufunguo aliokuwa nao mkononi sasa hivi. "Ulipopita wewe ulijifunika kitenge cha baridi, uso sikuuona, ila niliuliza. Niliwauliza wote watatu. Mtoto ni wako? Kila mmoja akasema, wangu."

Nikakumbuka. Alfajiri ile kweli sauti fulani iliniuliza kutoka kwenye benchi, na mimi nikajibu huku natembea.

"Sasa ulitaka tuseme nini?" nikamwambia. "Mama, wewe ukiwa na mtoto mgongoni, mtu akikuuliza ni wa nani, utasema si wangu? Na mtoto anasikia?"

Kisu kilikuwa bado mkononi mwake. Akakiweka chini. Kila mtu aliyekulia huku anajua, awe Msamia, awe Mjopadhola, awe nani: mtoto akiwa mgongoni kwako ni wako. Kumkana pale ni kama kumwangusha. Nani alimzaa, wenye mtoto wanajuana wenyewe. Anayeuliza njiani anajibiwa neno moja.

"Nimekulia migongoni mwa wanawake ambao hata majina yao sikumbuki," akasema taratibu. "Nikaenda pale nikauliza swali la mtu wa sensa."

Nilitegemea aongeze "lakini". Watu huongeza "lakini". Yeye alivuta kiti akakaa, akaniangalia.

"Nilichoona nilikiona," akasema. "Maana yake ndiyo nilikosea. Na sikukosea kwa haraka. Ilikuwa hadithi tamu, nikaipenda, nikaacha kuuliza swali la pili."

"Tamu kwako. Mimi maziwa yameniganda kifuani."

Akashika mdomo. Tukakaa hivyo. Ndiyo, nilikuwa nimekaa. Sijui nilikaa saa ngapi.

"Utaomba radhi wapi?" nikauliza. "Kule chini, kwa mbuzi waliopotea?"

"Mwanangu, sikukosea kwa herufi kubwa ili niombe radhi kwa herufi ndogo. Nitaandika. Kofia niitaje?"

"Itaje."

"Jina lako?"

"Langu usiweke. La mtoto usiweke. Maziwa weka."

Aliporudi na sahani ya viazi nilikuwa bado na hasira, na nilivila vyote. Kuku walipokuja nikawafukuza kwa niaba yake.

Alhamisi iliyofuata safu ilikuwa palepale, urefu uleule, herufi zilezile, ila kichwa kilichozoeleka hakikuwepo. Paliandikwa: "Nilivyokosea". Niliwasomea wenzangu kwa sauti. Hakujilaza chini kulialia, na hakujificha nyuma ya "huenda" na "inasemekana". Alisema alichokiona, alichodhani, na kwa nini alidhani vibaya, wazi kama mtu anayekuonyesha njia. Aliandika maziwa. Aliandika, "Swali hili, 'ni wako?', ni mimi niliyelitia mdomoni mwa askari. Naomba anirudishie." Na mwishoni, badala ya kuuliza wewe uliyekaa upande wa pili uliona nini, aliandika kwamba aliyekaa upande wa pili amekuja mpaka nyumbani kwake kumwambia, na kwamba yeye amemshukuru kwa sahani ya viazi, ingawa deni bado lipo.

Athieno akasema, "Rudia mimi hapo ya maziwa." Nikarudia. Akasema, "Tena." Mwenye meza ya nyanya alikuwa anajipepea na kifuniko cha ndoo, amegeuza uso.

Ningependa kukwambia mambo yalinyooka siku hiyo. Hayakunyooka. Gazeti linavunja haraka kuliko linavyojenga, askari alisoma, akasema, "Poa, lakini mimi nafuata nilivyoanza." Wanawake waliendelea kuulizwa na kurudishwa nyuma. Nilianza kumpa Nekesa uji, anautema. Nilijiambia nitamaliza mwezi ule kisha niiache meza.

Adhuhuri moja nikaenda kusimama kwenye vyuma kumsubiri Athieno, ambaye bado alikuwa ananiletea mtoto, akianzia mkiani mwa foleni. Foleni ndefu, jua la kupasua kichwa. Nikamwona Athieno, na mgongo wake mtupu. Halafu nikaona mwavuli.

Mwenye Safu alikuwa mbele yake, kandambili za kiume, na Nekesa mgongoni amefungwa kwa leso, kofia ya njano imekaa upande. Athieno ameushika mwavuli juu ya wote wawili, na beseni la karanga kichwani, anajizuia kucheka. Hawakusubiri nyuma. Walikwenda moja kwa moja mbele, pale wenye watoto walipokuwa wakipitishwa zamani.

Askari akamwangalia mama wa watu, mvi zile, akamwangalia mtoto.

"Shosho," akasema, kama Wakenya wanavyomwita bibi, "huyu mtoi ni wako?"

"Wangu."

Watu wa foleni wakaanza kuguna kwa kicheko. Askari naye alitaka kucheka, akajikaza. "Wako wewe? Na hiyo miaka yote?"

"Umeniuliza, nimekujibu. Wewe ulibebwa na migongo mingapi?"

Niliona kijana anahesabu, naapa, macho yalikwenda juu kama ya mtoto wa shule. Sijui alifika kwa nani, shangazi, jirani, dada wa kwanza. Nyuma yao mwanamke mwenye mtoto mchanga alikuwa amejitoa mkiani mwa foleni akaja kusimama nyuma ya Athieno, na mwingine nyuma yake.

"Pita, shosho," askari akasema. Akawatazama wale wengine, akapiga mkono hewani kama anayefukuza nzi. "Piteni. Wenye watoto piteni."

Mwenye Safu alifika kwangu anahema. Leso imelegea, Nekesa ameteleza mpaka kiunoni, mguu mmoja unaning'inia, na amelala fofofo.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mtu huyu, ya miaka yote ile tangu kidato cha pili. Yaliyotoka ni haya:

"Mama, umemfunga vibaya."

"Nionyeshe," akasema, akanigeuzia mgongo.